Kamanda wa Jumatano

Jumatano hiyo, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mama mtu alikuwa sebuleni anakunja mashuka aliyotoka kuyaanua, binti anapiga pasi suruali yake nyeupe ya judo, na baba mtu ameketi mezani na bilauri ya maji ya uvuguvugu, akinywa funda moja moja kama daktari alivyomwagiza. Televisheni ilikuwa inamalizia katuni. Majina ya wachoraji yalipoanza kupanda kwenye kioo, Kamanda wa katuni hiyo hakuondoka nayo. Aliinama, akatanguliza mguu wa kulia, akatoka, akasimama juu ya zulia.

"Viatu, baba," mama mtu alimwambia. "Zulia nimelifua juzi."

Kamanda akavua buti zake, akazipanga mlangoni. Mama mtu akaondoa rundo la mashuka kwenye kiti ili mgeni apate pa kukaa.

Alikuwa vilevile alivyokuwa kwenye kioo. Mstari mweusi ulimzunguka mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye soksi. Koti lake refu la kijivu lilipepea upande wa kushoto, ingawa sebuleni hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kitambaa. Mdomo wake ulikuwa na maumbo matatu tu: kufumba, kufumbua nusu na kufumbua wote. Na kwa kuwa alichorwa kwa ajili ya lugha nyingine, midomo ilimaliza kazi kabla ya maneno, ikabaki inayasubiri.

"Hujambo, mwanafunzi wangu," alimwambia binti.

Sauti ilikuwa ya baba mtu.

Baba mtu aliweka bilauri chini. Hakushangaa. Alichohisi ni masikio kupata moto, na moto huo ulitokana na neno moja: wangu.

Kazini walimwita Koo. Kwa miaka tisa alikuwa amempa Kamanda sauti, akisimama kwenye kichumba kilichopigwa sifongo nyeusi kuta zote, hedifoni masikioni, macho kwenye midomo ya yule mtu wa kuchorwa. Katika katuni ile Kamanda aliongoza ngome iliyo mlimani. Alikuwa na wanafunzi saba, wote yatima, na aliwafundisha kupigana. Aliwakemea bila kuwatukana. Wakirudi vitani alikuwa akisimama langoni kuwahesabu, na hakuingia ndani hadi wa saba apite. Watu wazima wenye ndevu zao walimsimamisha Koo barabarani wakamwomba, "Mzee, hebu tupe ile ya langoni." Naye alikuwa akiwapa, kwa moyo mkunjufu, hata akiwa na mizigo mikononi. "Hamjachelewa. Nilikuwa nawangojea." Wengine walijifuta machozi wakaendelea na safari zao.

Nyumbani alipumzisha sauti. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba, na mkewe aliwaeleza wageni mlangoni kabisa: "Karibuni, ila mwenzangu koo lake linapumzika." Alichotaka kusema aliandika kwenye vikaratasi. Funga mlango. Punguza redio. Chumvi imezidi. Binti yake, ambaye mama alimbandika jina la Nyigu kwa sababu hakuwahi kutulia hata tumboni, alijifunza kusoma kwa vikaratasi hivyo kabla hajaanza shule. Neno la kwanza alilolisoma peke yake lilikuwa "nyamaza". Kinyozi hajinyoi, watu walisema, na hakuna aliyeona kosa hapo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama Nyigu alimpa Kamanda bomba la jikoni, lililokuwa linavuja tangu mwaka uliopita. Kamanda aliliamuru likome, likakoma. Tangu hapo akawa mtu wa nyumbani. Alilala kwenye kochi, koti likipepea ukutani usiku kucha. Jumatano jioni alirudi kwenye kioo kwa nusu saa, maana kazi ni kazi, kisha akatoka tena na kuvua buti. Mama Nyigu, ambaye kutwa nzima alikuwa kwenye maabara akitazama damu za watu kwa darubini, alisema ni nafuu kumpata mtu ndani ya nyumba anayejibu akisalimiwa.

Kamanda alimfundisha Nyigu juu ya paa la jengo, katikati ya kamba za kuanikia nguo, penye mkeka wa zamani uliotolewa na klabu yake. Kila siku baada ya shule walipanda. Siku ya nne Koo aliwafuata, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Alijiambia amekwenda kuangalia kama tangi limejaa.

"Naogopa kuanguka," alimsikia Nyigu akisema.

"Unaogopa kuanguka," Kamanda aliuliza kwa sauti ya Koo, "au unaogopa kuonekana umeanguka?"

"Kuonekana."

"Na nani?"

Nyigu akavuta mkanda wa kiunoni, akaukaza. "Mwaka jana nilishika nafasi ya pili, Kamanda. Nikaitundika medali kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Mama aliiona siku ileile, akapiga vigelegele hadi jirani akaja."

"Na baba?"

"Baba alitundika taulo lake juu yake."

Kamanda hakumsema Koo vibaya. Alisema, "Mimi ningependa kuiona," na Nyigu akacheka kicheko ambacho Koo hakuwahi kukisikia, chembamba, chenye kwikwi mwishoni.

Kilichomkata Koo maini si kicheko. Sentensi zile hakuwahi kuzisoma. Miaka tisa alijua kila neno lililotoka kinywani mwa Kamanda, kwa kuwa lilipita kwake kwanza, limechapwa kwenye karatasi na kutiwa namba. Haya hayakuwa na namba. Mtu yule alikuwa amechukua koo lake na kulitumia kwa mambo yake mwenyewe.

Akashuka, akaingia bafuni, akaondoa taulo. Medali ilikuwepo, utepe wake umeanza kuota ukungu wa unyevu. Miezi kumi na minne. Aliitazama, na swali lililomjia halikuwa "nilikuwa wapi?" Lilikuwa "kwa nini amemwambia yeye?" Akarudisha taulo palepale.

Tangu siku hiyo Koo akawa mtu wa kuhesabu. Alihesabu mara ambazo binti alisema "Kamanda amesema". Siku ya Jumatatu zilifika mara kumi na moja. Alihesabu vipande vya viazi ambavyo mkewe alimpakulia mgeni, ingawa mgeni hakula, chakula chake kilibaki kinafuka mvuke uleule hadi asubuhi. Aliona mkewe akimwekea Kamanda mto mzuri wa kulalia. Aliona hata jirani wa chini, mama mnene asiyesalimia mtu, akipanda ngazi kuja kumwomba Kamanda azungumze na mumewe kuhusu uvivu. Na mume akaacha uvivu.

"Mtoe," Koo alimwambia mkewe chumbani. Hakuandika, alisema, na mkewe akageuka kuhakikisha nani amesema.

"Nimtoe, halafu kazi yake aifanye nani?"

"Kazi gani?"

Mama Nyigu alimtazama kama alivyotazama vile vioo vyake vya damu, akaendelea kujipaka mafuta miguuni.

Ikabidi Koo amkabili mwenyewe. Alimkuta jikoni, akikausha vyombo kwa nidhamu ya kijeshi, sahani zimepangwa kwa urefu.

"Sauti hiyo ni yangu."

"Najua," Kamanda alijibu. "Nimeitunza."

"Basi ondoka uniachie. Fahali wawili hawakai zizi moja, hata mtoto mdogo anajua."

"Mwanafunzi wangu ana mashindano mwezi ujao, mwenye nyumba. Baada ya hapo tutazungumza."

"Mwanafunzi wako! Umemzaa wewe? Umepakwa rangi tu wewe, mtu mzima huna hata kisogo, ukigeuka ndiyo wanakichora! Usiniletee upuuzi ndani ya nyumba yangu."

"Nakusikia," Kamanda alisema. "Endelea, kama bado kuna jambo."

Mama Nyigu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Sauti zilikuwa moja, lakini hakupata taabu kujua nani ni nani. Aliyetukana alikuwa mumewe.

Kesho yake Koo alikwenda studio, akamwambia mwongozaji kwamba anaacha. Mwongozaji alikuwa mwanamke mtulivu mwenye penseli tatu nyweleni. Alisimamisha mashine, akamuuliza, "Umekosana na nani?"

"Na Kamanda. Yuko kwangu. Binti yangu anamsikiliza."

"Unamwonea wivu."

"Ndiyo."

Mwongozaji akatoa penseli moja, akaandika. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwigizaji wa sauti ya bibi kizee wa msituni naye aliacha, baada ya wajukuu wake kukataa kuondoka miguuni pa yule bibi. "Nitatafuta mwingine," alisema. "Ila kumbuka, wewe ulimpa sauti tu."

Akampata mtangazaji wa stesheni ya treni. Ni mtu ambaye kila mkazi wa mji alimjua bila kumwona, kwa miaka ishirini aliyoitumia kuwaambia treni yao imechelewa. Stesheni ikabaki haina sauti, na Koo, aliyekuwa hana kazi, akaajiriwa huko wiki ileile. Hivyo hakuna aliyepungukiwa, na mkuu wa stesheni alimpigia mwongozaji simu kumshukuru.

Jumatano iliyofuata Koo alirudi mapema. Alikaa mezani, mikono juu ya magoti, akingoja kama mtu aliyetega panya. Katuni ikaisha. Kamanda akatoka, akavua buti, akafumbua mdomo nusu.

"Tahadhari, tahadhari," alisema kwa sauti bapa inayotokea puani. "Mwanafunzi wangu, leo tutafanya zoezi la kuanguka upande wa kushoto."

Nyigu alicheka hadi akashika ukuta. Mama Nyigu naye akacheka, na Kamanda mwenyewe akacheka, ha, ha, ha, kila ha ikisimama peke yake kama behewa. Kisha Kamanda na Nyigu wakachukua mkeka wakapanda juu.

Koo alimngojea binti yake kwenye ngazi. Nyigu alipokuja kushuka, jasho linamtiririka, alimzuia.

"Hujasikia sauti yake?"

"Nimesikia, Baba."

"Si ile."

"Si ile, kweli. Kama vile ataniambia nikae mbali na milango." Akajifuta kwa mkono. "Ila leo amenirudishia zoezi mara arobaini. Mara arobaini, Baba, hajachoka hata mara moja. Sasa naweza."

"Ile ya kwanza ilikuwa sauti yangu."

"Najua. Nilikuwa naisikia kwenye TV tangu nikiwa mdogo. Nilidhani unaniwekea, nikikua uje unisemeshe nayo."

Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa ya jana. Koo alifumbua kinywa. Ndani ya kinywa hicho zilikuwemo sentensi elfu kadhaa za kumwambia mtoto aliyesimama mbele yako kwenye ngazi, zote amezikariri, zote ziliwaliza watu wazima.

"Shuka polepole," alisema. "Pana maji hapo."

Stesheni walimweka kwenye kibanda cha vioo juu ya jukwaa la pili. Kazi ilikuwa nyepesi, lakini ilileta usumbufu. Koo aliposema treni ya saa nne imechelewa, abiria walivua kofia. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari alisimama wima hadi treni ikafika. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamkimbia mumewe alisikia orodha ya vituo, akaketi kwenye sanduku lake akalia, kisha akapanda treni na kwenda zake akiwa amepata nguvu. Mkuu wa stesheni aliagiza benchi ziongezwe. Wote hao Koo aliwasemesha kutwa nzima bila kupunguza kitu.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi, katika mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa treni. Koo alikuwa zamu. Kutoka kibandani aliwaona wakiingia: mkewe na kapu la chakula, Nyigu na begi lake, Kamanda nyuma yao. Mkagua tiketi alimwomba Kamanda akunje koti, maana lilikuwa linawapiga abiria usoni. Nyigu alikuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa, anatazama reli. Kamanda alisogea, akasimama upande unaopigwa na jua, akamkinga.

Koo alikuwa na karatasi mfukoni. Wiki nzima alikuwa akiandika na kufuta, na sasa ilikuwa na mstari mmoja safi: Nyigu, mwanangu, baba yako yuko huku juu, anakuona. Aliikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja mezani. Akabonyeza kitufe. Jukwaa lote likanyamaza, kama ilivyokuwa kawaida, watu mia mbili wakasubiri.

Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. Karatasi aliiona vizuri, herufi zilikuwa zake, mwanga ulikuwa wa kutosha.

"Treni ya saa tatu kasorobo," alisema, "itaondokea jukwaa la pili. Abiria wasimame nyuma ya mstari wa njano."

Na kwa kuwa kanuni ilitaka kila tangazo lirudiwe, akalirudia.

Alisema kwa upole mkubwa. Mtoto mchanga aliyekuwa analia akanyamaza. Nyigu hakuinua kichwa. Alirudi nyuma hatua moja, nyuma ya mstari wa njano, akaendelea kutazama reli. Kamanda peke yake ndiye aliyetazama juu. Aliijua sauti ile, aliishi nayo miaka tisa. Akanyoosha kiganja, akapiga saluti kuelekea kibandani. Koo akavuta pazia.

Walirudi jioni wakiwa na medali ya rangi nyingine. Mama Nyigu alisimulia akiwa bado na viatu, kapu mkononi. Fainali, Nyigu alipangiwa yule msichana mrefu aliyemshinda mwaka jana, ambaye klabuni walimwita Mnara. Dakika ya kwanza Mnara akamwangusha, ubavu. Ya pili akamwangusha tena. Ukumbi mzima ukaguna. Mara zote mbili Nyigu aliinuka anacheka, jambo lililomchanganya Mnara, na dakika ya tatu, Mnara alipokuja kummaliza, Nyigu alijishusha chini yake kama mtu anayeokota sindano, akamnyanyua, akamlaza chali katikati ya mkeka. Chali kabisa! Mwamuzi akanyoosha mkono juu, mchezo ukaisha hapohapo.

"Mimi nilipiga kelele hadi nikakauka," alisema mama Nyigu, na kweli sauti yake ilikuwa kama msasa. "Kamanda hakusema lolote. Alikaa ukingoni tu, ameweka mikono magotini. Nyigu alipotoka akamwambia, 'Nilikuwa nakungojea.'"

Koo aliyasikia yote hayo akiwa amesimama. Nyigu alikuwa mbele yake, mkono kwenye medali, shavu moja limechubuka. Nyumba ilimpa nafasi. Hata Kamanda alirudi nyuma hatua mbili, hadi karibu na televisheni, ili asiwe katikati.

"Mmekula?" Koo aliuliza.

"Tumekula, Baba," alisema Nyigu, akaenda kuoga.

Mashindano yalikuwa yamekwisha, na Kamanda alitimiza ahadi. Jioni ya kesho yake alimfuata Koo jikoni, akasimama mkakamavu.

"Nilisema tutazungumza, mwenye nyumba. Ukiniambia niondoke, nitaondoka sasa hivi, buti ziko mlangoni."

Koo alitazama koti likipepea. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu Jumatano ya kwanza. Lakini alisikia mkewe chumbani akiimba kwa ile sauti yake iliyokauka, na binti akimwitikia, na akajua kwamba mtu huyu akitoka wimbo huo utakwenda naye.

"Kaa," alisema, na chuki ilikuwa ndani ya neno hilo, imetulia.

"Basi nina ombi," alisema Kamanda. "Sauti niliyo nayo ni ya mtu wa treni, lakini inafika. Kama kuna jambo ungependa binti yako alisikie, niambie mimi. Nitampelekea kama lilivyo, sitaongeza, sitapunguza."

Koo aliegemea meza. Kamanda alingoja, mdomo umefumba, jicho lake moja limetulia juu ya uso wa Koo; hakuharakisha, hakukohoa, hakuhamisha uzito mguu hadi mguu. Ndivyo alivyongoja langoni, na ndivyo alivyongoja juu ya paa mara arobaini.

"Mwambie," Koo alianza.

Kamanda akainama ili asikie vizuri.

"Mwambie asiwe anaacha kijiko kibichi kwenye sukari."

Kamanda alipiga saluti, akaenda. Kupitia ukutani Koo alisikia mlango ukigongwa, si kwa nguvu. Akasikia Kamanda akisubiri hadi binti amalize alichokuwa anafanya. Kisha ile sauti bapa ya stesheni ikasema habari ya kijiko na sukari, neno kwa neno, kwa namna ambayo ungedhani ni jambo la thamani lililotoka mbali na kubebwa kwa mikono miwili.

"Haya, Kamanda, asante," alisema Nyigu, akacheka, chembamba, na kwikwi mwishoni.

Koo alibaki jikoni, akihesabu kicheko hicho kilidumu kwa muda gani.